Kuchezea wapi? Ulinganisho wa njia nne kwa mchezaji wa kikapu anayehamahama

Mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu ambaye si nyota wa NBA, na ambaye hatarajii kudumu katika klabu moja kwa miaka kumi, hukutana na uamuzi uleule karibu kila mwaka ligi zinapomalizika. Wakala hupiga simu akiwa na ofa mbili au tatu kutoka nchi ambazo pengine mchezaji hajawahi kuzikanyaga, na jibu hutakiwa kabla ya wiki kwisha. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya mchezaji huyo na ndugu wanaomshauri. Inalinganisha njia nne: G League ya Marekani, yaani ligi ndogo ya NBA, ligi za kitaifa za Ulaya zilizo chini ya EuroLeague, mashindano ya klabu bora za bara hilo, ligi za Asia Mashariki pamoja na Ufilipino, na ligi za msimu mfupi kama BAL ya Afrika, BSN ya Puerto Rico na CEBL ya Kanada.

Njia hizi hazina kuta kati yao. Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, alishushwa katika ligi ndogo ya NBA akiwa bado katika msimu wake wa kwanza, akapita katika klabu nne za NBA hadi mwaka 2014, kisha akachezea Yokohama B-Corsairs nchini Japani na baadaye klabu za Taiwan. Wengi humtaja kwa yale ambayo hakuyafikia. Kwa mchezaji anayehamahama, somo lililo wazi zaidi katika safari yake ni kwamba soko lina mahitaji tofauti kila mahali, na kwamba mtu aliyeonekana wa ziada katika ligi moja anaweza kuwa ndiye anayetafutwa katika nyingine.

Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vigezo vitano: nafasi ambayo ligi humpa mchezaji wa kigeni uwanjani, malipo na uhakika wa kuyapata, kalenda na uzito wake mwilini, mlango wa kutokea baada ya msimu, na maisha nje ya uwanja. Mshahara haukuwekwa wa kwanza kwa makusudi. Mchezaji wa aina hii huishi kwa mkataba wa msimu mmoja mmoja, na kila mkataba ndio unaouza unaofuata. Kwa hiyo fedha nyingi za mwaka mmoja zinazomwacha bila dakika za kucheza, au na mgogoro na klabu, zinaweza kumgharimu mikataba miwili ya baadaye.

Nafasi ya mgeni uwanjani

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika kikapu cha kulipwa mgeni hupewa jembe siku anayoshuka kwenye ndege, na ukubwa wa jembe hilo huamuliwa na kanuni ya ligi kuhusu idadi ya wageni.

Asia ndiko jembe liliko zito zaidi. Katika B.League ya Japani, iliyoanza mwaka 2016 baada ya ligi mbili kuunganishwa, utaratibu uliozoeleka ni kwamba wageni wawili tu huruhusiwa kuwa uwanjani kwa wakati mmoja. Korea Kusini kwa misimu kadhaa iliruhusu mmoja tu uwanjani, na katika msimu wa 2018/19 ligi yake, KBL, ilikwenda mbali zaidi kwa kuwakataa wageni wenye kimo kinachozidi sentimita 200. David Simon, mfungaji hodari aliyekuwa akicheza huko, alipimwa akakutwa na sentimita 202, akalazimika kuondoka. Kanuni hiyo iliondolewa baadaye. Ligi ya Ufilipino, PBA, iliyoanzishwa mwaka 1975, hugawa mwaka katika mashindano kadhaa: moja halina wageni kabisa, na mengine yamezoea kuruhusu mgeni mmoja kwa kila timu, mara nyingi na kikomo cha kimo. Huko mchezaji wa kigeni huitwa “import”, neno lilelile linalotumika kwa bidhaa inayoagizwa kutoka nje, na mwenye kusikia neno hilo mara ya kwanza asilichukue kuwa mzaha, kwa maana bidhaa yenye kasoro hurudishwa. China nayo kwa miaka mingi ilicheza dakika 48 na imezoea kuwawekea wageni mipaka ya robo wanazoweza kucheza.

Matokeo ya kanuni hizo ni kwamba mgeni wa Asia hutarajiwa kufunga pointi nyingi, kuchukua rebaundi nyingi na kumlinda mgeni wa upande wa pili, yote katika usiku mmoja. Timu ikipoteza michezo miwili mfululizo, wa kwanza kujadiliwa ni yeye, hata kama alifunga pointi 30 katika kila mchezo. Warefu wanaocheza chini ya kikapu hupata soko zuri zaidi huko kuliko walinzi wafupi, kwa sababu klabu hutumia nafasi zao chache za wageni kuziba upungufu wa kimo.

Ulaya hali ni tofauti. Ligi ya Ujerumani imezoea kuruhusu wageni sita katika kikosi cha wachezaji 12, na Italia klabu zimezoea kuchagua kati ya mpangilio wa wageni watano na Waitaliano watano, au sita kwa sita. Mgeni basi ni mmoja kati ya wengi, na kocha humtaka afanye kazi moja au mbili kwa ukamilifu: kumkaba mchezeshaji wa wapinzani, kusubiri pembeni na kupiga pointi tatu, kujua hatua yake katika mzunguko wa ulinzi bila kuambiwa mara mbili. Wastani wa pointi 11 katika timu iliyoingia mchujo huuzika vizuri kuliko pointi 20 katika timu iliyoshuka daraja. Wachezaji waliozoea kuwa tegemeo chuoni huumizwa sana na jambo hili katika miezi mitatu ya kwanza.

Pasipoti nayo ni sehemu ya mchezo. Hukumu ya Bosman ya mwaka 1995, iliyotolewa na mahakama ya Umoja wa Ulaya, iliondoa vikomo vya uraia kwa raia wa Umoja huo, ingawa ligi nyingi bado hutenga nafasi kwa wachezaji wa nyumbani. Kwa miaka mingi Hispania na Ufaransa zilitumia pia Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000 kuwahesabu wachezaji kutoka nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki tofauti na wageni wengine, hali iliyowafanya hata baadhi ya Wamarekani kutafuta uraia wa nchi za Afrika. Mchezaji mwenye pasipoti ya Kiafrika amuulize wakala wake, kabla ya jambo jingine lolote, anahesabiwa katika fungu gani kwenye ligi inayomtaka msimu huo, kwa sababu kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara.

G League haina kikomo cha wageni wa namna hiyo; kinachotakiwa ni visa. Tatizo lake ni jingine. Mchezaji anaweza kucheza dakika 32 siku ya Jumanne na kufanya vizuri, kisha Alhamisi akamkuta katika chumba cha kubadilishia nguo kijana aliyeshushwa kutoka klabu mama ya NBA, ambaye ni lazima apewe dakika 30 ili akue. Hakuna aliyekosea, wala hakuna pa kulalamika. Ndiyo kazi ya ligi ile.

BAL, iliyoanza Kigali mwaka 2021 kwa ushirikiano wa NBA na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ilizinduliwa kwa utaratibu wa wageni wasiozidi wanne kwa kila timu, wasiozidi wawili kati yao kutoka nje ya Afrika. Kwa hiyo Mwafrika anayecheza nje ya nchi yake ana nafasi ambayo hawezi kuipata kwingine. Katika ligi hizi fupi mgeni huletwa kuongeza nguvu ya haraka, na muda wa kumzoea kocha ni mdogo mno.

Malipo, na uhakika wa kuyapata

G League hulipa kidogo lakini hulipa. Mchezaji husaini mkataba na ligi yenyewe, si na klabu, na katika msimu wa 2022/23 mshahara wa kawaida ulikuwa dola 40,500, pamoja na makazi na bima ya afya. Mkataba wa pande mbili, unaomfunga mchezaji na klabu ya NBA huku akicheza muda mwingi katika ligi ndogo, ni habari nyingine kabisa: unazidi dola 500,000 kwa msimu, lakini kila klabu ya NBA ina nafasi tatu tu za aina hiyo.

Ulaya mshahara hutajwa mara nyingi ukiwa safi, yaani klabu ndiyo hubeba kodi ya nchi husika, na juu yake huongezwa nyumba, gari na tiketi za ndege. Mchezaji anayelinganisha ofa ya Ulaya na ya kwingine aanze kwa kuuliza kama namba hiyo ni kabla au baada ya kodi, kisha adai cheti cha kodi iliyolipwa kwa jina lake. Udhaifu mkubwa wa njia hii ni ucheleweshaji. Klabu nyingi za ngazi ya kati hutegemea mdhamini mmoja au ruzuku ya manispaa, na fedha zinapokauka mwezi wa pili, mgeni ndiye anayeambiwa asubiri.

Ndiyo maana ukurasa wa mkataba unaostahili kusomwa mara tatu si ule wenye namba kubwa. Ni ule unaosema nini kitatokea fedha zisipoingia. Mkataba mzuri hutaja tarehe ya kila malipo, hutaja siku ngapi zikipita mchezaji ana haki ya kutofanya mazoezi, siku ngapi zikipita ana haki ya kuondoka huku akiendelea kudai salio lote, na hutaja kwamba migogoro itapelekwa BAT, chombo cha usuluhishi wa kikapu kilichoanzishwa na FIBA mwaka 2007, chenye makao Geneva. Huko msuluhishi mmoja huamua kwa haki na usawa bila kufungwa na sheria za nchi fulani, na klabu isiyotekeleza uamuzi inaweza kuzuiwa na FIBA kusajili wachezaji wapya. Kifungu hicho kisipoandikwa katika mkataba, mchezaji hubaki na mahakama za nchi ambayo lugha yake haijui. Vilevile atazame kama mkataba umedhaminiwa hadi mwisho wa msimu au klabu inaweza kuukatisha kwa taarifa ya siku chache, na kama vipimo vya afya vikishafanyika na kupita, klabu bado inaweza kurudi nyuma kwa sababu ya jeraha.

Japani na Korea Kusini zina sifa nzuri miongoni mwa wachezaji kwa kulipa siku iliyoandikwa. China imewahi kuwalipa wageni fedha kubwa kuliko ligi nyingi za kitaifa za Ulaya. Ufilipino hulipa vizuri kwa mwezi, lakini miezi yenyewe ni michache, na mkataba unaweza kuisha baada ya mchezo wa tatu. Mchezaji asizidishe mshahara wa mwezi mmoja wa PBA mara kumi akadhani amepata mapato ya mwaka.

Ligi za msimu mfupi hutazamwa vyema kama nyongeza ya mwaka, si kama mwaka wenyewe.

Kalenda na mwili

Kambi za Ulaya huanza Agosti, ligi huendelea hadi Mei au Juni, mchezo kwa kawaida ni mmoja kwa wiki, na wa pili huongezeka klabu ikiwa katika mashindano ya bara. Kinachochosha huko ni mazoezi, ambayo mara nyingi ni mawili kwa siku. Japani ni kinyume: klabu za daraja la juu zimekuwa zikicheza michezo 60 ya kawaida, na sehemu kubwa huchezwa Jumamosi na Jumapili dhidi ya mpinzani yuleyule. Senta anayesukumana chini ya kikapu dakika 35 Jumamosi jioni huamka Jumapili na magoti yaliyovimba, akiwa na saa chache tu kabla ya kusukumana na mtu yuleyule ambaye sasa ameshajifunza hila zake zote. Mwenye umri wa miaka 34 atafakari hilo kabla ya kusaini.

G League huanza Novemba na kumalizika Aprili. Inacheza dakika 48 kwa mstari wa pointi tatu wa NBA ulio umbali wa mita 7.24, wakati sheria za FIBA ni dakika 40 na mita 6.75; pia FIBA haina kanuni ya sekunde tatu za mlinzi, kwa hiyo mrefu wa wapinzani anaweza kukaa mbele ya kikapu muda wote. Mlinzi aliyezoea kupenya hushangaa Ulaya kukuta njia imejaa watu.

BSN huchezwa kuanzia majira ya kuchipua hadi kiangazi, na CEBL, iliyoanza mwaka 2019, huchezwa kati ya Mei na Agosti. Hivyo mtu anaweza kumaliza msimu mmoja mahali fulani na kuanza mwingine bila mapumziko. Wengi hufanya hivyo kwa sababu ya fedha, nami siwalaumu, ingawa mwili usiopumzika wiki sita kwa mwaka hudai deni lake bila kutoa taarifa.

Mlango wa kutokea

Kwa anayeitaka NBA, hakuna mlango ulio karibu zaidi ya G League. Mchezaji asiye na mkataba wa pande mbili anaweza kuitwa na klabu yoyote ya NBA kesho yake. Bei ya ukaribu huo ni kwamba, akitaka kwenda nje katikati ya msimu, klabu ya nje hudaiwa fidia ili aachiliwe.

Ulaya ni ngazi ndefu yenye vidato vinavyoonekana. Mike James hakuchaguliwa na klabu yoyote mwaka 2012 alipotoka chuoni. Alianzia Croatia, akapita Israel, daraja la chini la Italia na kisiwa cha Rhodes nchini Ugiriki kabla ya kufika Baskonia ya Hispania mwaka 2014, na miaka kumi baadaye akawa mfungaji wa pointi nyingi zaidi katika historia ya EuroLeague. Si kila mtu atafika huko, lakini makocha wa Ulaya hutazamana ligi kwa ligi, na msimu mzuri katika daraja la pili huonekana na wale wa daraja la kwanza.

Takwimu za Asia husafiri kwa shida. Pointi 28 za Korea Kusini hazimshtui kocha wa Ulaya, kwa kuwa anajua mgeni huko hupewa mpira kila mara. Hata hivyo Asia huwatunza watu wake: klabu hupenda kumrudisha mgeni aliyekwisha kuzoea mazingira, na anayependwa anaweza kukaa muongo mzima. Stephon Marbury aliwasili China mwaka 2010 na kutwaa mataji matatu akiwa Beijing, mwaka 2012, 2014 na 2015. Justin Brownlee alijiunga na klabu ya Barangay Ginebra mwaka 2016 kama mgeni wa mashindano mafupi, akarudishwa tena na tena, akapewa uraia wa Ufilipino Januari 2023, na mwaka huohuo akaisaidia timu ya taifa kutwaa dhahabu ya Michezo ya Asia, ambayo nchi ilikuwa haijaipata tangu 1962.

Kuna mlango mmoja wa Asia unaopaswa kukaguliwa kabla ya kuingia. Mwaka 2011, NBA iliposimama kwa mgogoro wa wamiliki na wachezaji, China ilikataa vifungu vya kuondoka mapema, na J.R. Smith alilazimika kusubiri msimu wa huko umalizike ndipo akarudi NBA na kujiunga na New York Knicks mwaka 2012. Anayetumaini kuitwa na ligi kubwa katikati ya mwaka aombe kifungu cha kuondoka kwa maandishi, chenye kiasi cha fidia na tarehe ya mwisho.

Na popote atakapokuwa, mchezaji anayehama kutoka shirikisho la nchi moja kwenda la nchi nyingine huhitaji barua ya idhini chini ya taratibu za FIBA. Aliyeondoka kwa hasira usiku bila hati iliyosainiwa ya kuvunja mkataba anaweza kukuta barua hiyo imezuiliwa, na klabu mpya haiwezi kumchezesha.

Maisha nje ya uwanja

Hapa tofauti ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Klabu za Japani, Korea Kusini na China huweka wakalimani, hivyo maisha ya kila siku huwa mepesi lakini pia ya kujitenga. Ulaya makocha wengi hufundisha kwa Kiingereza, na mji mdogo unaweza kuwa mzuri kwa familia au mpweke kwa kijana. Nyumba ni ya klabu kila mahali. Mkataba ukivunjwa Ijumaa, funguo zinaweza kudaiwa Jumatatu. Mwenye watoto aandike katika mkataba muda wa kubaki katika nyumba baada ya kuachwa, na aulize kuhusu ada ya shule kabla ya kuuliza kuhusu gari.

Kwa hali yako

Ukiwa na umri wa miaka 22 au 23, huna wanaokutegemea, na kuna klabu ya NBA iliyokwisha kukufanyia majaribio, mwaka mmoja au miwili ya G League ina maana hata kwa mshahara mdogo. Ukipita miaka hiyo bila kuitwa, kuendelea kusubiri huanza kula miaka ambayo Ulaya ingekulipa.

Ukiwa mlinzi au winga anayejua kukaba na kupiga pointi tatu, na unaweza kuvumilia kutokuwa mtu mkuu, Ulaya ndiko thamani yako itakakopanda polepole, hasa kama pasipoti yako inakupa unafuu wa kuhesabiwa. Chagua kocha na historia ya klabu ya kulipa kabla ya jina la ligi.

Ukiwa mrefu, mfungaji, au mwenye umri wa miaka 30 na zaidi unayetaka kuweka akiba, Asia hulipa vizuri kwa kazi hiyo, mradi magoti yako yanakubali ratiba. Ufilipino inamfaa anayeweza kuingia uwanjani siku ya tatu baada ya kutua, na asiyevunjika moyo akirudishwa.

Ukiwa umeachwa katikati ya msimu, au unarudi kutoka katika jeraha, ligi fupi hukupa video mpya na michezo ya hivi karibuni ya kuwaonyesha makocha, jambo ambalo wakala hawezi kulitengeneza kwa maneno. Kwa Mwafrika aliyekwisha kucheza ng'ambo, BAL ina faida ya ziada kwa sababu NBA yenyewe huitazama. Khaman Maluach alipita huko akiwa kijana, akiwa na City Oilers ya Uganda mwaka 2024, kabla ya kuchaguliwa wa kumi NBA mwaka 2025, lakini hiyo ni njia ya kijana aliyelelewa katika akademia, na mchezaji wa miaka 29 asiipime safari yake kwa kipimo hicho.

Na ukiwa na ofa mbili zilizolingana kwa kila kigezo, jambo ambalo hutokea, tafuta mgeni aliyechezea kila klabu msimu uliopita, mpigie simu, na umuulize alilipwa mwezi wa Machi tarehe ngapi.